Uchambuzi wa kisa: mzani, simu na magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba

Biashara inayochambuliwa hapa inanunua dagaa wakavu visiwani na kuwauza kwa jumla katika soko la Mwaloni Kirumba, wilayani Ilemela, jijini Mwanza. Mwenye biashara ni mama aliyeanza kwa kuuza madebe machache kwa siku, na ambaye leo ana stoo sokoni, mawakala katika mialo kadhaa (sehemu za ufukweni ambako boti za uvuvi hushusha samaki) ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, na wateja wanaotoka Kongo, Zambia na Rwanda. Jina lake na la biashara yake halitajwi. Kisa chake kinastahili kuandikwa kwa sababu biashara hiyo iliingia kwenye teknolojia ya habari mara mbili. Mara ya kwanza ilinunua vifaa vya gharama na haikupata kitu cha maana. Mara ya pili ilitumia vifaa vya bei ndogo, ambavyo vingi vilikuwa tayari mikononi mwa watu wake, na ikapata faida ambayo hata mwenyewe hakuitarajia. Hoja ya uchambuzi huu ni tofauti kati ya mara hizo mbili, nami naiona kuwa inawahusu wafanyabiashara wengi wa Kanda ya Ziwa ambao siku hizi hawapitishi mwezi bila kutembelewa na mtu anayeuza mfumo.

Biashara inavyokwenda

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na za sola. Mbalamwezi inapokuwa kali uvuvi husimama kwa siku kadhaa, kwa hiyo mzigo haufiki sokoni kwa mtiririko sawa, bali huja kwa mafungu: siku kumi za pilikapilika, kisha siku za kungoja. Asubuhi dagaa huanikwa juani, ama juu ya mchanga, ama kwenye chanja. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Masika yanapoingia hawakauki sawasawa, huanza kuvunda au kuota ukungu, na wale waliokuwa wauzwe kwa chakula cha binadamu huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Wakala wa kisiwani hupewa mtaji na mwenye biashara wa Kirumba, hununua kwa wavuvi, hujaza magunia na kuyapakia kwenye boti. Kirumba makuli huyashusha, mzigo hupangwa stoo, na wateja wa mbali huuchukua kwa malori. Hapo katikati kuna mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyashika, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua kila kilichofuata. La kwanza ni vipimo: visiwani dagaa walinunuliwa kwa ndoo, debe na gunia, wakati Kirumba mteja wa kigeni aliwataka kwa kilo. La pili ni mikopo inayoifunga biashara ncha zote mbili. Mvuvi hukopeshwa nyavu, taa na mafuta kwa sharti la kumuuzia wakala huyohuyo, na mteja mkubwa huchukua mzigo kwa mali kauli, akalipa atakapouza.

Kompyuta ya kwanza

Muda mfupi baada ya mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, kuanza kutumika nchini mwaka 2010, mama huyu alinunua kompyuta, printa na programu ya uhasibu, vikawekwa katika stoo kubwa pale Kirumba, na karani akapelekwa kufundishwa. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza: kila jioni karani angehamishia kwenye kompyuta yale yaliyoandikwa mchana katika kaunta buku, na mwisho wa mwezi mwenye biashara angeona faida na hasara.

Ukiuliza sokoni kwa nini mpango huo ulikufa, utaambiwa ni kukatika kwa umeme. Umeme ulikatika kweli, lakini hata ungewaka usiku na mchana matokeo yangekuwa yaleyale, kwa sababu kompyuta ililishwa taarifa ambazo zilikuwa zimeharibika kabla ya kuifikia. Nimeziona kurasa za kaunta buku za kipindi hicho. Mstari mmoja unasema: “G 42 Ukara, 3 pungufu.” Hausemi kama yaliyopungua ni magunia matatu au kilo tatu, wala nani alihesabu, wala kama upungufu ulionekana wakati wa kushusha botini au siku mbili baadaye wakati wa kuuza. Karani alipofika kwenye programu, ambayo ilimlazimisha kujaza idadi, uzito na sababu, alijaza chochote kilichomruhusu kwenda ukurasa unaofuata. Taarifa za mwisho wa mwezi zilitoka zimepigwa chapa vizuri, zikiwa na jumla zinazolingana, na mama mwenyewe hakuziamini. Alikuwa na haki ya kutoziamini. Aliendelea kuamua kwa kichwa chake na kwa simu za mawakala, huku karani akifanya kazi moja mara mbili.

Hali hiyo si ya Kirumba peke yake. Mwaka 1987 mchumi wa Marekani Robert Solow aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Miaka mitatu baadaye mwanahistoria wa uchumi Paul David alitoa maelezo ambayo bado yananishawishi kuliko mengine, kwa kurejea historia ya umeme viwandani. Viwanda vya Marekani vilipoanza kutumia mota za umeme, vingi viliifunga mota pale palipokuwa injini ya mvuke, vikaacha mihimili na mikanda ileile iendelee kuzungusha mashine zote, na tija haikupanda kwa kiasi cha kutajika hadi miaka ya 1920, pale mashine zilipopewa kila moja mota yake na sakafu ya kiwanda ikapangwa upya kufuata mwendo wa kazi. Stoo ya Kirumba ilifanya hivyohivyo. Kompyuta iliwekwa mahali pa daftari, na kazi yote iliyotangulia daftari, yaani kupima, kuhesabu na kukabidhiana, ikaachwa kama ilivyokuwa.

Ugomvi wa upungufu

Mara ya pili haikuanza kwa mtu kutaka teknolojia. Ilianza kwa ugomvi. Magunia yaliyoondoka Ukara yakiwa yamejaa yalifika Kirumba yakiwa mepesi, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha yalipungua wapi, lawama ziliwaangukia wale wasio na wa kuwasemea: mabaharia wa boti na makuli. Msimamizi wa boti, mzee aliyefanya kazi na familia hiyo kwa miaka mingi, alianza kukatwa posho kila mzigo ulipopungua.

Binti wa dada yake mama huyo, aliyekuwa amemaliza stashahada ya biashara na kuja kusaidia stoo, alipendekeza jambo dogo. Kila gunia lipewe namba iliyoandikwa kwa maka peni. Kila gunia lipimwe mara mbili, kabla ya kupakiwa kisiwani na baada ya kushushwa Kirumba, kwa mzani wa kuning'iniza uliokaguliwa na kupigwa mhuri na Wakala wa Vipimo. Kila linapopimwa ipigwe picha moja ya simu, ambayo ndani yake inaonekana namba ya gunia na mshale wa mzani, kisha itumwe kwenye kundi la WhatsApp. Yeye mwenyewe angeziingiza namba hizo kwenye jedwali la kompyuta.

Mawakala walilalamika kwamba kazi inachelewa, na ilichelewa kweli. Katika mialo ambayo mtandao hausomi, picha zilibaki kwenye simu hadi wakala alipofika mahali penye mawimbi, wakati mwingine jioni, wakati mwingine siku iliyofuata. Hilo halikuharibu kitu, kwa sababu picha hubaki na saa yake, na kilichotakiwa hakikuwa kuona mzigo papo hapo bali kuwa na ushahidi usiobadilika wa kile kilichokabidhiwa. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wauzaji wa mifumo hupenda kuuza kasi. Biashara hii haikuwa na shida ya kasi. Ilikosa kumbukumbu ambayo pande mbili zinaikubali.

Jedwali lilionyesha nini

Baada ya masika moja na kiangazi kimoja, binti huyo alipanga jedwali kwa boti, akitarajia kuona boti moja au mbili zinazopoteza kuliko nyingine. Hakuziona. Alipolipanga kwa mwalo, tofauti ikajitokeza wazi: boti ileile, safari ileile, mabaharia walewale, magunia ya mwalo mmoja yalipungua na ya mwalo mwingine yalifika karibu kama yalivyoondoka. Alipoweka pembeni tarehe za mvua, jambo likakamilika. Mzigo uliopungua ulikuwa umenunuliwa siku za mawingu, katika mialo isiyo na chanja wala turubai.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Dagaa ambao hawajakauka vizuri wanabeba maji, na maji hayo yana uzito. Tuchukulie gunia lililopimwa kilo 60 kisiwani: likisafiri, likalala stoo penye upepo, maji yaendelee kukauka, litasoma pungufu bila mkono wa mtu kuingia ndani yake. Walioanikwa mchangani wana tatizo la ziada, kwa kuwa mchanga huingia kwenye gunia, hulipiwa kisiwani kwa bei ya dagaa, kisha humwagika kidogo kidogo kila gunia linapobebwa na kutupwa chini. Kwa miaka yote hiyo biashara ilikuwa inanunua maji na mchanga, na kuwakata watu posho kwa ajili ya hayo.

Mama alipoelewa, jambo la kwanza alilofanya halikuwa la kibiashara. Alimwita yule mzee wa boti stoo, mbele ya makuli walewale waliokuwa wakisikia akituhumiwa, akamwomba radhi na kumrudishia fedha zilizokatwa. Naliweka tukio hili katika uchambuzi, ingawa vitabu vya hesabu havina safu yake, kwa sababu tangu siku hiyo makuli na mabaharia ndio walioshikilia kwamba gunia lisishushwe bila kupimwa na kupigwa picha. Waliona kwamba mzani unawalinda wao pia. Hakuna semina ambayo ingewafikisha hapo.

Baada ya hapo yalifuata maamuzi, na hapa ndipo thamani ya fedha ilipopatikana. Bei ya kununulia ikagawanywa: dagaa wa chanja bei yake, dagaa wa mchangani bei yake. Sehemu ya mikopo iliyokuwa ikitolewa kwa nyavu ikaelekezwa kwenye mbao na nyavu chakavu za kutengenezea chanja, pamoja na maturubai. Mawakala wakaagizwa wasinunue siku za mvua katika mialo isiyo na pa kukinga mzigo, hata kama mwenzao wa stoo ya jirani ananunua. Katika Kirumba yenyewe, mzigo wa chanja ukatengwa na kuuzwa kwa wateja wa Kongo na Zambia, ambao safari yao ni ndefu na hawawezi kubeba mzigo utakaoharibika kabla ya Lubumbashi. Ukitazama orodha hii utaona hakuna hata jambo moja linalofanywa na kompyuta. Taarifa ilionyesha pa kugusa. Faida ililetwa na mbao, turubai, bei mpya na ujasiri wa kukataa mzigo mbaya.

Fedha zinazovuka maji

Malipo yalikuwa yameshaingia kwenye simu kabla ya picha za mzani. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na baadaye kampuni zikaanza kukubaliana kupokea fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa wakala aliyekuwa akivuka ziwa na bunda la noti kiunoni, hayo yalikuwa mapinduzi ya usalama kabla ya kuwa mapinduzi ya biashara. Gharama ilibaki kuwa jambo la kuangaliwa: tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, baadhi ya mawakala walirudia kubeba fedha taslimu, na ingawa serikali iliipunguza Septemba mwaka huohuo, mazoea ya kugawa malipo nusu simu na nusu mkononi yalichukua muda kuisha.

Ila hata malipo ya simu yalitoa nusu tu ya manufaa yake hadi yalipounganishwa na namba za magunia. Kabla ya hapo ujumbe wa simu ulithibitisha kwamba wakala ametumiwa kiasi fulani, bila kusema ni kwa mzigo upi. Sasa kila fedha inayotumwa huandikwa kwenye jedwali pembeni ya namba za magunia iliyoyanunua, na wakala anapoomba mtaji mwingine, mazungumzo huanzia kwenye magunia ambayo bado hayajafika. Wakala mmoja aliacha kazi kwa sababu ya utaratibu huu. Waliobaki wanakopeshwa zaidi kuliko zamani.

Mali kauli na ndugu

Upande wa madeni ya wateja ulikuwa mgumu kwa namna nyingine. Kwa mteja wa mbali utaratibu mpya ulikubalika haraka: mzigo ukipakiwa anapokea ujumbe unaotaja idadi ya magunia, kilo na deni lililobaki, na asipokanusha deni limekubaliwa na pande zote. Mabishano yalipungua, kwa kuwa yalikuwa yakitokea miezi baadaye kila mtu akitegemea kumbukumbu ya kichwa.

Ugumu ulikuwa nyumbani. Orodha ya madeni ilipopangwa kuanzia deni la muda mrefu zaidi, majina ya juu yalikuwa ya ndugu. Kila mtu katika familia alikuwa akijua, lakini kujua na kuona limeandikwa pembeni ya tarehe si jambo moja, na kulikuwa na shinikizo la kumtaka binti aondoe majina hayo. Mama hakuyaondoa, wala hakuwadai kwa ujumbe kama wateja wa nje. Alitenga fungu la familia lenye kikomo chake, likaandikwa peke yake, ili msaada uonekane kuwa msaada na biashara ionekane kuwa biashara. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara kuliko ushauri wa kawaida wa kitaalamu, ambao ungemtaka atenganishe familia na biashara kabisa, jambo ambalo huku kwetu lingemwacha bila watu wa kumsaidia siku mzigo wake ukizama.

Jambo moja katika utaratibu huu linapaswa kurekebishwa bila kuchelewa. Wakati fulani picha za vitambulisho vya wateja wa mali kauli ziliwekwa katika kundi lilelile la WhatsApp lenye mawakala na makarani wote, na nyingine bado zimo kwenye simu za watu walioacha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na kuzilinda. Stoo ya dagaa haijaachwa nje ya sheria hiyo, na mteja aliyetoa kitambulisho ili akopeshwe hakukitoa kisambae.

Nani amefaidika

Katika mijadala ya simu na uvuvi hutajwa mara nyingi utafiti wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, kuhusu wavuvi wa dagaa wa bahari katika jimbo la Kerala nchini India. Simu za mkononi zilipofika huko mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa baharini kuuliza bei kabla ya kuamua watie nanga soko lipi. Bei za masoko zikakaribiana, samaki wa kutupwa wakatoweka, faida ya wavuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni matokeo mazuri, na wapo wanaoyanukuu kana kwamba yatajirudia popote palipo na maji na mnara wa simu.

Mvuvi wa Kerala katika utafiti huo alikuwa na uhuru wa kuchagua soko. Mvuvi wa Ukara aliyekopeshwa nyavu na taa na wakala wa Kirumba anaweza kuijua bei ya Mwaloni kila asubuhi kwa simu yake na bado asiwe na mahali pengine pa kuuza, maana mkopo umeshaamua. Ndiyo sababu katika kisa hiki faida kubwa imebaki Kirumba. Mwenye stoo ameacha kununua maji na mchanga, ambayo ni haki yake, lakini hasara iliyokuwa ikimwangukia yeye imehamia kwa mvuvi wa mwalo usio na chanja, anayepokea bei ya chini. Pale mkopo wa mbao na turubai ulipofika, mvuvi amepanda naye. Pale ambapo haujafika, mzani na simu vimemwongezea umaskini kwa usahihi zaidi kuliko zamani, na siwezi kuliandika hilo kama mafanikio.

Kuna kasoro iliyo wazi zaidi. Picha ya mzani humfikia wakala, karani, binti na mama. Mvuvi aliyeleta dagaa haipati, kwa kuwa kwake bado kipimo ni ndoo, na kilo huanza kuhesabiwa gunia likishajaa. Deni lake la nyavu nalo liko kwenye kaunta buku la wakala, katika mistari kama ileile ya “3 pungufu” iliyoshinda kompyuta ya kwanza. Pendekezo langu kwa biashara hii ni kwamba mzani ushuke hadi pale ndoo ya mvuvi inapopokelewa, na kila mvuvi mwenye mkopo atumiwe ujumbe wa kawaida wa simu, usiohitaji intaneti, unaotaja kilo alizouza, bei aliyolipwa na deni lililobaki. Mawakala watapinga kwa sababu sehemu ya kipato chao iko katika tofauti kati ya ndoo na kilo, na kwa hiyo kamisheni yao itabidi ipangwe upya kwanza, kwa kilo za dagaa wakavu zinazofika Kirumba. Mama amekubali kuanza na mwalo mmoja wa Ukara wenye chanja za kutosha, baada ya mbalamwezi ijayo, wakati boti zinaporudi ziwani na hesabu mpya za mikopo zinapofunguliwa.